Kitumba Kijani, Funza Ndani

Mkulima wa pamba wa Simiyu hahitaji mwalimu wa kumfundisha ugonjwa wa kimya. Anamjua funza wa vitumba. Mdudu huyo hutoboa tundu dogo kama ncha ya sindano, akaingia ndani, akaanza kula. Kitumba hubaki kijani, kimejaa na kinapendeza. Mwenye shamba akipita asubuhi huhesabu mavuno. Siku ya kufunguka ndipo anapokuta uozo mweusi mahali palipopaswa kuwa na pamba nyeupe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kisa hiki ni cha kimya kilichodumu zaidi ya miaka 40.

Ni kisa cha mzee mmoja wa kijiji cha pembezoni mwa Bariadi. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimemsokota kwa nyuzi za watu wengi, ili kila atakayesoma aone uzi wa nyumbani kwake. Lakini ugonjwa wenyewe, na yote nitakayoeleza juu yake, si ya kubuni.

Ulikuwa msimu wa kuuza. Usiku kucha mkewe na wakamwana wawili walikaa wakichambua, pamba safi upande huu, fifi upande ule. Alfajiri mzee akala michembe kwa karanga, akapakia magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaongozana na wanawe hadi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Zamu yake ilipofika akasimama mbele ya mzani kama afanyavyo kila mwaka, macho yameganda kwenye mshale, maana mkulima asiyeangalia mshale hulia baadaye. Karani akaandika kilo, akamgeuzia daftari.

"Saini hapa, baba."

Kalamu ikamponyoka. Akainama kuiokota kwa mkono uleule wa kulia, na vidole vikapapasa vumbi kando ya kalamu kama vya mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo, wakidhani ni uchovu. Mwanawe akamwita. Mzee akajibu, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa Kisukuma wala Kiswahili. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka na mate yanamtoka. Wakamdaka kabla hajafika chini.

Kutoka pale ghalani hadi hospitali ni mwendo wa bodaboda usiofika saa moja. Hawakwenda. Mdogo wake wa kiume aliwaangalia watoto, akatikisa kichwa: "Hii si ya hospitali. Mmesahau mwaka huu amevuna kuliko majirani?" Hoja ikawaingia wote. Wakampakia kwenye mkokoteni uleule uliobeba pamba, wakampeleka kwa mganga.

Usiku wa kwanza mkewe, kwa mapenzi ya miaka mingi, alimlaza chali akamnywesha maziwa mgando kwa kijiko. Mzee akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Mama akasubiri kidogo, akaongeza kijiko kingine. Hakujua kwamba kiharusi huweza kupoozesha hata koo, na kwamba chakula kilichokosa njia huingia mapafuni. Siku ya tatu mgonjwa alikuwa na homa kali na kifua kinakoroma. Mganga mwenyewe ndiye aliyewaambia: "Huyu mpelekeni hospitali. Hapa mtamzika." Namshukuru mganga yule. Laiti angesema hivyo siku ya kwanza.

Hospitalini walimkuta na presha ya juu sana na mapafu yaliyoshambuliwa. Hayo yalitosha kuwa majibu. Lakini daktari alipofunua shuka akaona miguu. Chini ya magoti kulikuwa na madoa madogo ya zambarau, mengi, kama mtu aliyerushiwa maji ya zambarau kwa ufagio. Akayabonyeza kwa kidole. Hayakufifia.

"Mama, madoa haya yameanza lini?"

"Ni ya miaka, daktari. Yanakuja, yanaondoka. Tulidhani ni viroboto."

"Na viungo vinamuuma? Nyayo zinakufa ganzi?"

"Ndiyo. Lakini mtu anayelima tangu utoto ataachaje kuumwa viungo?"

"Presha je, hakuwahi kupimwa?"

"Alipimwa, akapewa vidonge. Akavinywa mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha."

Daktari akaagiza damu ipimwe zaidi, na ndipo jina lilipotajwa kwa mara ya kwanza katika familia ile: homa ya ini C.

"Aliwahi kuongezewa damu? Kuchomwa sindano za mitaani? Kuchanjwa chale?"

Mke hakuwa na jibu, alimkuta mumewe akiwa mtu mzima. Aliyejibu ni dada mkubwa wa mzee, bibi mwenye mvi, aliyekuwa amekaa chini kwenye kanga yake. "Daktari, mwanangu, katika rika letu nani hakuchanjwa?"

Akasimulia. Katika miaka ya 1970, Bariadi ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, alikuwepo mchoma sindano aliyepita kijijini kwa baiskeli. Alikuwa na bomba moja la kioo na sindano mbili tatu katika sufuria ndogo. Watoto wenye homa walipangwa mstari chini ya mti. Sindano ikichomolwa kwa huyu ilisuuzwa kwenye maji ya moto, ikaingia kwa mwingine. Maji yakipoa, hakuna aliyekuwa na subira ya kukoka moto upya. Kisha babu yao alipofariki ghafla, familia nzima iliitwa kuchanjwa dawa ya kinga. Wembe ulikuwa mmoja. Ulianza na wakubwa, ukashuka hadi kwa watoto, na yeye na mdogo wake wakafuatana.

Mahali kirusi kilipoingilia, kwenye sindano au kwenye wembe, leo hakuna awezaye kuapa. Na mchoma sindano yule simlaani. Wakati ule kirusi hiki kilikuwa hakijajulikana popote duniani. Kiligunduliwa mwaka 1989, na wanasayansi watatu waliofungua njia hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mtu wa baiskeli wa miaka ile alitenda kwa ujinga usio wa hiari. Sisi wa leo hatuna udhuru huo.

Watoto wa mzee walitaka jibu moja. "Kwa hiyo, daktari, hicho kirusi ndicho kilichompoozesha baba?"

Daktari hakuwadanganya. "Siwezi kuapa. Presha yake peke yake ingetosha kumwangusha. Lakini mtu mwenye kirusi hiki kwa miaka mingi huenda mishipa yake ya damu ikawa imechakaa kuliko ya wenzake, hata ile ya ubongo. Baba yenu alikuwa na maadui wawili, na wote wawili hawapigi kelele."

Neno hilo "huenda" tulishike vizuri, maana ndani yake ndimo elimu yote ilimo.

Makao ya kirusi cha homa ya ini C ni ini. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, takriban 3 miili yao hukifukuza yenyewe ndani ya miezi 6. Wale 7 hubaki nacho, na bila tiba wengi hukaa nacho maisha yao yote. Ini ni kiungo kivumilivu mno: linaweza kuumia sana na bado likafanya kazi bila kulalamika. Ndiyo maana mtu hulima, huoa, hulea na kuzeeka akiwa nacho bila macho kugeuka manjano hata siku moja. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa sugu, 15 hadi 30 ini lao hujaa makovu ndani ya miaka 20. Lakini damu yote ya mwili hupita kwenye ini, na kwa hiyo madhara nayo husafiri.

Yapo mapito kadhaa yanayoweza kuyafikisha kichwani. La kwanza ni vita visivyokwisha. Askari wa mwili wakipigana na kirusi mwaka hata mwaka, utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu huchubuka. Mafuta hunasa kwenye michubuko, yakajenga gamba gumu, hasa kwenye mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu ubongoni. Mshipa hufinyika, au donge la damu hujijenga pale, likabanduka na kwenda kuziba mshipa mwembamba huko juu. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Hicho ndicho kiharusi cha kuziba.

La pili ni sukari. Wenye kirusi hiki hupata kisukari cha ukubwani kwa wingi kuliko wengine, na kisukari ni mharibifu wa mishipa anayejulikana.

La tatu ndilo lililoonekana kwenye miguu ya mzee. Katika vita vile vya muda mrefu mwili hutengeneza protini za kujikinga ambazo hazikukaa sawa, ziitwazo kriyoglobulini. Damu ikipoa, protini hizi huganda pamoja, kama mafuta ya nyama yanavyoganda kwenye bakuli la mchuzi wa jana. Zikikwama kwenye mishipa midogo huifanya ivimbe na kuvujisha damu. Kwenye ngozi hutoa madoa ya zambarau, kwenye mishipa ya fahamu huleta ganzi, kwenye figo huleta maradhi ya figo. Mara chache hufika hata kwenye mishipa midogo ya ubongo.

La nne ni kupasuka. Protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini. Ini likijaa makovu protini hizo hupungua, na chembe za damu zinazoziba jeraha hupungua pia. Mshipa ukipasuka kichwani, damu haina wa kuizuia.

Watafiti wa Taiwan waliwafuatilia kwa miaka mingi zaidi ya watu 23,000, wakaona kuwa vifo vya maradhi ya mishipa ya ubongo kwa waliokuwa na alama ya kirusi hiki vilikuwa takriban mara mbili ya vile vya wasiokuwa nayo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walionyesha katika maabara kwamba kirusi kinaweza kuingia hata kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa ya ubongo. Tafiti hazijasema zote kwa sauti moja, na presha bado ndiyo mfalme wa kiharusi. Lakini mtu akisikia kelele shambani usiku hasubiri kumwona mwizi uso kwa uso ndipo awashe taa.

Na kiharusi si ugeni kwetu. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulikuta wagonjwa wapya takriban 109 kila mwaka kwa kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ni miongoni mwa kubwa zaidi zilizowahi kuandikwa duniani. Watafiti haohao walikuta pia kwamba VVU huongeza hatari ya kiharusi. Kwa hiyo si jambo la ajabu kusema kirusi kilichoingia kwa njia ya damu kinaweza kuja kuonekana kwenye ubongo.

Kwa yule anayedhani sindano moja iliyorudiwa ni jambo dogo, aitazame Misri. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua kichocho, na Wamisri wa bonde la Nile walikijua kuliko sisi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali yao iliendesha kampeni kubwa ya kukitibu kichocho kwa sindano, kijiji kwa kijiji. Nia ilikuwa njema. Sindano zilirudiwa bila kutakaswa ipasavyo. Kichocho kilipungua, na kirusi ambacho hakuna aliyekijua kikaenea katika mamilioni ya watu. Mwaka 2008 takriban Mmisri 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa anaishi nacho. Lakini Misri hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha kwamba inawezekana kutoka shimoni. Kuanzia Oktoba 2018 walipima karibu watu milioni 50 katika muda wa miezi 7, na waliokutwa nacho wakapewa dawa bila malipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi iliyopiga hatua kubwa kuelekea kuumaliza ugonjwa huu.

Turudi kwa mzee wetu. Aliporudishwa nyumbani, mkono wa kulia ukiwa umelala mapajani kama kitu cha kuazima, alikuta kikombe chake kimetengwa. Mkamwana mmoja alikuwa amesikia neno "kuambukiza", akakiweka peke yake juu ya kabati, na sahani yake vilevile. Mzee hakuweza kusema kitu. Alikitazama kikombe kile, kisha akageuza uso ukutani.

Hapo dada yake mkubwa alisimama. Alikuwa amemuuliza daktari yote, na akamwambia yule binti: "Mayu, ugonjwa huu uko kwenye damu. Hauko kwenye kikombe, wala kwenye sahani, wala kwenye mkono wa kusalimia. Mjukuu akipakatwa na babu yake hapati kitu. Kinachopaswa kutengwa ni wembe, mswaki na kikatia kucha. Hicho kikombe kirudishe."

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Akajiuliza: wembe uliofika kwa mdogo wangu ulitoka kwa nani? Akaenda kupima. Kipimo cha kwanza hutafuta nyayo za adui, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na kirusi. Kikionyesha ndiyo, hakijasema adui bado yumo. Kipimo cha pili humtafuta adui mwenyewe ndani ya damu. Kwa bibi yule vyote viwili vilisema ndiyo. Miaka 40 na ushei, bila hata kuumwa kichwa.

Akapanda basi kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza kwa wataalamu. Walimpima kwanza homa ya ini B, kwa kuwa dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala. Kisha akaanzishiwa vidonge, kimoja kila siku kwa wiki 12. Akavinywa hadi cha mwisho, hata siku alizojisikia mzima kabisa. Wiki 12 baada ya kumaliza alipimwa tena, na kirusi hakikuwepo. Dawa hizi za kisasa huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Baadaye zilimponya mdogo wake pia. Lakini ubongo uliokwisha kufa hauna kidonge cha kuufufua. Tofauti kati ya ndugu wawili waliokatwa kwa wembe mmoja ni kwamba mmoja alipima kabla ya mshindo, mwingine baada.

Ndugu yangu msomaji, kama kisa hiki kimekugusa, usikiache kipite kama hadithi ya jioni.

Hakuna chanjo ya homa ya ini C. Chanjo iliyopo ni ya B. Kwa hiyo kinga ya C ni sindano mpya, wembe mpya, na damu iliyopimwa. Sindano yako ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako. Ukienda kwa kinyozi, kwa mtoboa masikio au kwa mchanja chale, uliza chombo kimetoka wapi. Si utovu wa adabu kuuliza. Fundi mwema hufurahi kuulizwa.

Kama uliwahi kuchomwa sindano za kupokezana, kuchanjwa kwa wembe wa wengi, au kuongezewa damu miaka ya zamani, omba upimwe. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, huipima damu inayochangwa, pamoja na homa ya ini C. Lakini hauwezi kurudi nyuma kuipima iliyokwisha kuingia mwilini mwako. Julai 28 ni Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kwetu Simiyu huangukia katika miezi ya pamba, wakati mfukoni kuna chochote. Iwe siku yako ya kuuliza.

Ukiwa na presha au kisukari, kujisikia mzima si ruhusa ya kuacha dawa. Huenda unajisikia mzima kwa sababu unazimeza, au kwa sababu ugonjwa wenyewe haupigi kelele.

Na ukimwona mtu ghafla uso umeshuka upande, mkono umelegea, au maneno yamevurugika, kumbuka kwamba kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Mlaze kwa ubavu, usimpe chakula wala maji wala dawa mdomoni, mwahishe hospitali. Maombi yanaweza kufanyika njiani. Nani alimwonea wivu ni swali linaloweza kungoja.

Juzi mzee alimsindikiza mjukuu wake zahanati. Baada ya mwaka wa mazoezi ya viungo anatembea kwa fimbo, akiburuta mguu. Maneno yamemrudia machache, yanahesabika. Walipofika, muuguzi akamwandaa mtoto, akageuka mezani kuchukua sindano. Mzee akainua mkono wa kushoto kumzuia. Midomo ikahangaika, mishipa ya shingo ikasimama, watu kwenye benchi wakanyamaza wakimngoja.

"M… mpya?"

Muuguzi hakukasirika. Akamwinamia, akamwonyesha pakiti ikiwa bado imefungwa, akaichana taratibu mbele ya macho yake.

"Mpya, babu."

Ndipo mzee akashusha mkono.